Gari la Kilomita Mia Nne na Kumi na Mbili

Barua zenu nimezisoma, hata ile ya matusi. Ni kweli, wiki jana nilimwacha Nives Cavazzuti mezani na uma ukiwa hewani, na ni kweli uhondo niliukata makusudi. Nisameheni, hii ndiyo kazi inayonilisha. Sasa kaeni vizuri.

Kwa aliyekuwa safarini, nitarudia kwa ufupi. Nives ni dalali wa magari mjini Modena, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwenye miwani ya kuning'iniza kwa kamba na ulimi usio na breki. Jumanne hiyo alikuwa amempeleka milimani mnunuzi wake, bwana Ruggero Pedrazzini, tajiri wa Lugano, ili akalipige picha kwenye kona nzuri gari alilotaka kulinunua. Gari lenyewe ni Zironi Falistra, jekundu, namba tisa kati ya ishirini na moja tu yaliyoundwa mwaka 1989 kabla kiwanda hakijafungwa. Bei yake ni yuro milioni moja na laki tisa.

Bei hiyo haikutokana na injini wala rangi. Ilitokana na tarakimu tatu zilizo ndani ya kidirisha kidogo kwenye dashibodi: 412. Kwa miaka thelathini na mitano gari lile lilikuwa limetembea kilomita mia nne na kumi na mbili, basi. Mapacha wake waliotembezwa wanauzwa kwa laki nne, na wenye nao hushukuru wakipata mteja.

Kwa kuwa kila kilomita inakula bei, chombo kilichoundwa kukimbia kuliko treni kilipandishwa milimani mgongoni mwa lori, kimefungwa mikanda na kufunikwa shuka. Njiani njaa ikamshika dereva wa lori, akasimama kwenye mkahawa wa kwanza aliouona. Mzee Ivo Tagliavini, fundi anayelitunza gari hilo tangu likiwa jipya, aliupinga mkahawa ule kwa nguvu zote. Alisema chakula kibaya, bei kubwa, mbwa wakali. Hakuna aliyemsikiliza.

Wakala, wakanywa divai ya lambrusko, shuka likaondolewa ili tajiri alitazame gari lake huku akitafuna. Ndipo mwenye mkahawa, Bi Desolina, akatoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni. Akalitazama gari, akamtazama Ivo, akasema maneno yaliyotuachanisha wiki jana:

"Ivo, leo umelileta kwa lori? Si Jumapili tu ulikuja nalo mwenyewe?"

Haya, hapo ndipo tulipoishia.

Uma wa Nives ulishuka polepole, tambi ya tortelloni ikarudi kwenye siagi ilikotoka. Alimtupia mnunuzi jicho la pembe. Pedrazzini ni mtu wa Lugano, Kiitaliano amekinyonya kwa mama yake, kwa hiyo hapakuwa na tumaini kwamba hakuelewa.

Nives hakukawia. Alicheka kidogo, akaeleza kwamba mzee Ivo ana kigari chake kidogo, chekundu vilevile, na kwa mbali mtu yeyote angeweza kuchanganya. Hapo alimkosea Bi Desolina. Mama yule hakuwa mtu wa kuambiwa kwamba hawezi kutofautisha kigari cha kwendea sokoni na dude ambalo likinguruma kuku wake wanaacha kutaga siku mbili. Alishika kiuno, akafungua kinywa ili amweke Nives sawa.

Kisha akaliona jicho la Ivo. Lilikuwa linaomba.

Bi Desolina akafunga kinywa. Akasema mtoto wa jicho anamsumbua siku hizi, haoni kitu, juzi ameuamkia mlango akidhani ni dada yake. Baada ya kusema hivyo akainama, akaokota unywele mmoja mweupe kwenye kola ya Pedrazzini, unywele mfupi kuliko ukope, akaupeperusha, akarudi jikoni.

Pedrazzini alitabasamu, akaomba jibini. Nives hakulipenda tabasamu lile hata kidogo, akasimama.

"Mzee Ivo, twende tukaangalie mikanda ya lori."

Mikanda haikuwa na shida. Walipita lori, wakapita banda la kuku, wakasimama nyuma ya rundo la kuni, mahali ambapo hata harufu ya jikoni haikufika. Nives akakunja mikono.

"Ngapi?"

"Ngapi nini, mama?"

"Mzee wangu, usinichezee. Kilomita ngapi?"

Ivo alivitazama viatu vyake. Ana miaka sabini na saba na mikono mikubwa iliyoingia grisi mpaka kwenye mistari ya kiganja, na wakati ule hakujua aiweke wapi.

"Elfu themanini na moja," akasema. "Na ushee."

Nives akakaa kwenye gogo.

Mzee akamwaga mtama wote. Chini ya gari, kwenye giaboksi, kuna waya mwembamba unaozungusha mita. Umeshikwa na nati moja ndogo, unailegeza kwa vidole viwili tu. Ukiuchomoa, mita inalala na gari linakwenda linakotaka. Basi kila Jumapili isiyo na theluji, kwa miaka thelathini na mitano, Ivo aliuchomoa waya, akampakia mkewe Zelinda, wakapanda milima hadi kwa Desolina. Walikula maandazi ya chumvi na nyama ya paja, wakanywa glasi moja moja, wakashuka. Zelinda amefariki miaka minne sasa. Ivo aliendelea kuja peke yake na kukaa kwenye meza ileile.

Nives alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamkasirisha zaidi.

"Kwa nini, mzee? Umelipwa kulilinda gari la watu."

"Daktari aliniamuru mambo mawili," Ivo akasema. Daktari ndiye mwenye gari, Learco Montorsi, mng'oa meno maarufu wa Modena. "Gari liwe zima siku zote, na mita isisogee. Sasa, mama, gari lisilotembea linakufa. Mipira inakauka, sili zinapasuka, mafuta yanageuka gundi. Lile namba kumi na nne waliloliweka kwenye chumba cha vioo, siku walipoliwasha liliungua lote na pazia. Mambo hayo mawili hayapatani. Mimi nimeyatii yote mawili."

Nives hakujua amzabe kofi au ambusu. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu tayari alikuwa akimfikiria baba yake.

Hapa inabidi niwaambie jambo ambalo Modena nzima inalijua. Baba yake Nives, Amleto Cavazzuti, naye alikuwa dalali wa magari. Alikuwa na bisibisi ndogo ya mita na subira nyingi, na kila gari lililoingia kwake limechoka lilitoka likiwa kijana. Mji ukampa jina: Kinyumenyume. Polisi walipokuja kumchukua dukani, Nives alikuwa na miaka kumi na minne. Kesho yake, njiani kwenda shule, wasichana wa darasa lake walimfuata wakitembea kwa kurudi nyuma, mstari mzima, kimyakimya, mpaka getini. Walifanya hivyo hadi mwaka wa masomo ulipokwisha.

Miaka ishirini na miwili aliyofanya udalali ameitumia kulisafisha jina hilo. Amekataa magari mazuri kwa sababu ya risiti moja iliyokosekana. Amewarudishia wateja pesa ambazo hawakuzidai. Sasa Modena husema, Cavazzuti akishasaini, nenda kalale. Na asubuhi hiyohiyo, saa tatu kamili, mbele ya wakili, alikuwa amesaini kwamba gari namba tisa limetembea kilomita mia nne na kumi na mbili, na kwamba yeye Nives binti Amleto anathibitisha hivyo kwa jina lake. Karatasi ilikuwa kwenye koti la Pedrazzini.

Ivo akajaribu kumtuliza. Alisema hakuna haja ya makelele. Wanaojua ni yeye, Desolina na kuku, na kuku hawaendi Lugano.

"Na mimi je?" Nives akauliza. "Umenihesabu?"

"Nilidhani wewe ni wa kwetu."

"Mimi ndiye niliyesaini, mzee."

Akajipangusa vumbi la kuni, akajikaza, akarudi mezani. Alikuwa ameamua kumwambia mnunuzi ukweli hapohapo, kabla moyo haujapoa. Alisimama mbele ya Pedrazzini, akayatoa yote kwa pumzi moja: waya, nati, Jumapili, elfu themanini na moja. Akasema mkataba ufutwe. Kisha akasubiri meza ipinduliwe.

Pedrazzini alikata kipande cha jibini. Akakidondoshea tone la siki nyeusi, kwa uangalifu, kama mtu anayemtia mtoto dawa ya macho.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mama Nives, raba ya pedeli ya klachi imelika upande wa kushoto. Kilomita mia nne haziwezi kula raba hivyo. Nilijua siku ya kwanza nilipofungua mlango."

Pedrazzini akamkaribisha kiti kana kwamba mkahawa ni wake, akamweleza kwa upole uleule. Yeye hataki gari. Anataka karatasi. Huko aliko watu hawanunui mwendo, wananunua kusimama. Atalikalisha gari miezi mitatu, kisha atamuuzia mtu wa mbali kwa milioni mbili na nusu, naye atalifungia kwenye ukumbi wenye taa za kijani na hatauzungusha ufunguo mpaka azikwe. Nani atakagua? Na ikitokea siku mtu akakagua, hatamjia Pedrazzini. Hapo akaligusa koti lake mahali karatasi ilipokuwa.

"Jina langu mimi halina uzito, mama. Lako linao. Unadhani kwa nini niliwaacha madalali wote wa Modena nikaja kwako?"

"Nikienda kusema?"

"Sema. Watakwambia, yuleyule binti wa baba yake."

Mwaiona hali ilivyokuwa. Akinyamaza, uongo ni wake na utamfuata mpaka siku utakapolipuka. Akisema, jina linakufa leo, saa saba na nusu mchana, na Modena inaanza tena kutembea kinyumenyume. Nives aliomba walau aione ile karatasi. Pedrazzini alijiamini mno kumnyima. Akaikunjua mezani, akaibana kwa kidole kimoja.

Wakili aliisoma asubuhi haraka kama padri mwenye njaa, naye Nives hakusikia nusu yake. Sasa aliisoma mwenyewe. Kila kilomita itakayozidi mia nne na kumi na mbili kabla ya makabidhiano inapunguza bei kwa yuro elfu tatu. Na mita ikivuka mia tano, makubaliano yote yanakufa, pamoja na matamko yote yaliyoambatanishwa nayo.

Mia tano toa mia nne na kumi na mbili, inabaki themanini na nane.

Nives akavua miwani, akaiacha ining'inie kifuani. Kilomita themanini na nane ni kupanda hadi juu kabisa mpakani mwa mkoa na kurudi. Hakuna atakayeitwa mwongo. Kutakuwa na gari lililoendeshwa, basi, na dalali mmoja kichaa. Komisheni itakwenda na maji, Daktari Montorsi atapiga kelele mpaka ang'oke jino lake mwenyewe, lakini karatasi itakuwa ya kufungia samaki. Nakiri kwamba hakufikiri sana.

"Mzee Ivo," akaita. "Funga waya."

"Waya gani?"

"Uleule."

Dereva wa lori alikuwa amelala kwenye kiti chake na gazeti usoni. Hawakumwamsha. Ivo alifungua mikanda, akashusha mbao, akalirudisha gari chini kwa mkono mmoja kwenye usukani na mwingine mlangoni, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anatabasamu. Akatambaa chini. Vidole viwili, nati ikakaza. Akatoka na majani mgongoni, akaingia upande wa abiria bila kuambiwa.

Niwaambie aibu moja ya Nives. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameuza magari ya thamani ya mji mdogo, na hakuna hata moja alilowahi kuliendesha zaidi ya kulitoa kivulini, kwa sababu kila mita ilikuwa pesa ya mtu. Gari likamzimikia mara mbili mbele ya kuku. Mara ya tatu likaondoka. Pedrazzini hakuinuka hata kitini. Jambo hilo lilipaswa kumtia Nives wasiwasi, lakini injini ilikuwa inanguruma nyuma ya kisogo chake na hapakuwa na nafasi ya wasiwasi.

Barabara ilipanda ikijikunja kati ya miti mirefu. Kwenye kona ya kwanza alishika breki mapema mno, kwenye ya pili akachelewa, kwenye ya tatu akaanza kuelewa.

"Gia ya tatu," Ivo akasema. "Ya tatu, mama. Hii si cherehani."

"Nikiivunja?"

"Haivunjiki. Nimeliendesha hapa mara elfu moja na mia tatu."

Nives akakanyaga mafuta. Sindano ya mwendo ikapanda hadi tisini, mia, mia na ishirini, na mlima wote ukawajia usoni. Kila kilomita iliyopita ilikuwa yuro elfu tatu, akahisi kana kwamba anatupa noti dirishani kwa viganja viwili. Akacheka kwa sauti. Machozi yalimtoka, ya furaha na ya hasira kwa wakati mmoja, kwa sababu alikuwa ameishi kati ya vyombo hivi maisha yake yote na hakuna aliyemwambia kwamba viko hivi. Alimwelewa Ivo. Alimwelewa na Zelinda, ambaye hakuwahi kumwona.

Walipita kanisa dogo la njiani, wakapita josho la zamani la ng'ombe. Nives hakutaka kuondoa macho barabarani.

"Tumefika ngapi?"

Ivo alikuwa ameinamia dashibodi.

"Mzee?"

"Angalia mbele."

"Nimekuuliza ngapi."

"Mia nne na kumi na mbili," Ivo akasema.

Nives akalisimamisha gari kwenye nyasi. Wote wawili wakainama mbele ya dashibodi mpaka vichwa vikagongana. Sindano ya mwendo ilikuwa imefanya kazi yake bila kosa, lakini zile tarakimu hazikuwa zimesogea hata unywele. Ivo akagonga kioo kwa kucha. Akatoka, akajilaza chini ya gari, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi uso ulikuwa umemshuka. Waya ulikuwa mzima na unazunguka vizuri. Mita yenyewe ndiyo iliyokufa. Vigurudumu vyake vya namba vilikuwa vimekaa miaka thelathini na mitano bila kuguswa, grisi imekuwa gundi, gundi imekuwa jiwe.

"Nimetunza kila kitu kwenye gari hili," mzee akasema, "isipokuwa hicho."

"Hakitengenezeki?"

"Kinatengenezeka, dakika kumi tu. Lakini lazima uvunje muhuri wa kiwanda, na ukishavunja muhuri, kila atakayeangalia atajua kwamba mita imeguswa."

Walijua wote wawili mji wa Modena ungesema nini kuhusu mtu wa ukoo wa Cavazzuti aliyekutwa na mita na bisibisi.

Wakarudi taratibu, kwa gia ya pili.

Walimkuta Pedrazzini amefika kwenye kitamutamu, keki iliyoloweshwa kinywaji chekundu, anakula kwa kijiko kidogo. Alikuwa akimwonyesha Bi Desolina picha za magari yake kwenye simu, naye Bi Desolina alikuwa akitaka kujua ni lipi kati yake linaloweza kubeba kuni. Alipowaona wanafika, Bi Desolina akakusanya sahani, akaenda jikoni kuleta kahawa. Simu ikabaki mezani kando ya kijiko, imewaka. Pedrazzini aliinuka bila haraka, akachungulia dirishani mwa gari, akarudi kitini.

"Hongera," akasema. "Kilomita sifuri."

"Ulijua na hilo?"

"Hilo nalo nilijua. Kaa chini, mama, kahawa inakuja."

Nives hakukaa. Nataka mumwone hapo aliposimama, kwa sababu ndipo kazi yote ilipofanyika, na haikufanywa na injini. Alikuwa amejaribu kutoroka kwa mlango wa nyuma, akaukuta umefungwa. Ulikuwa umebaki wa mbele. Akawakumbuka wale wasichana na mstari wao mpaka getini, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na saba akajiuliza yule mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa amemdanganya nani. Hakumpata mtu. Basi na watembee kinyumenyume mpaka Bologna, akajisemea. Atalitamka mwenyewe, kwa kinywa chake, leo, na ataanza na mwenye gari.

Simu yake ilikuwa imeisha chaji tangu saa sita. Akainyakua ile iliyokuwa mezani.

"Hiyo ni yangu," Pedrazzini akasema. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile sauti yake kupungukiwa mafuta.

"Nitakulipia dakika."

Namba ya Daktari Montorsi aliijua kwa moyo, kwa mwezi ule peke yake alikuwa ameipiga mara arobaini. Akaanza kuibonyeza kwa kidole gumba huku akirudi nyuma kuizunguka meza. Pedrazzini akainuka kumfuata, lakini kiti cha mzee Ivo kikawa kimemkalia njiani, na mzee, maskini, akawa mzito ghafla na hasikii. Nives akabonyeza tarakimu ya mwisho.

Namba ikapotea kwenye kioo. Mahali pake pakatokea jina.

Learco.

Halikuwa na Daktari wala Montorsi, ni Learco tu, kama mtu anavyomwandika ndugu yake. Chini ya jina palikuwa na picha: wanaume wawili wameungua jua, wamekumbatiana mabega, mezani ufukweni. Mmoja alikuwa na meno meupe kuliko mwili wake. Mwingine ndiye aliyesimama mbele ya Nives sasa, na kijiko mkononi.

Wiki tatu nzima Pedrazzini alikuwa akimwambia Nives kwamba hamjui mwenye gari, na kwamba hapendi kujuana na wauzaji. Wiki tatu nzima daktari alikuwa akimuuliza Nives kwa simu huyu mtu wa Lugano ni nani hasa, na anaaminika kweli? Yeye Nives ndiye aliyemtoa daktari wasiwasi. Alimdhaminia kwa jina lake, kumbe wote wawili walikuwa wakiitafuta saini yake tu.

Simu ikalia mara moja. Nives akabonyeza spika. Bi Desolina alitokea mlangoni na sinia ya kahawa, akasimama palepale.

"Ruggero," ikasema sauti ya daktari, imechangamka, "vipi, mama kashtukia au bado?"

Pedrazzini alikiweka kijiko mezani.

"Kashtukia, Daktari," Nives akasema. Akavuta kiti, akaketi, akaiweka simu katikati ya meza. "Endelea tu, nakusikiliza."